Hivi ni baridi kweli, au kuna mengine? Nani anaruhusiwa kufanya utafiti Antaktika na Aktiki

#1 Mzawa_wa_Rau
Wakuu, salaam.

Mpwa wangu wa kike anasoma jiolojia mwaka wa tatu, na kichwani mwake hamna dhahabu wala tanzanite. Anataka barafu: Antaktika, Greenland, Svalbard (vile visiwa vya Norway kaskazini kabisa). Alipomgusia msimamizi wake akajibiwa kule ni kwa waliozaliwa kwenye theluji, achague madini apate kazi mapema.

Mimi nimepeleka watafiti Kibo kwa miaka. Nimeona profesa mwenye koti la bei ya pikipiki anatapika Barafu Camp, na mgumu (mpagazi) wa Marangu aliyembebea hema anamchemshia chai huku anapiga mluzi. Kwa hiyo hizo habari za "kuzaliwa kwenye theluji" haziniingii. Nasema hivi: baridi ni kisingizio. Kinachowafungia watu nje ya utafiti wa nchani, yaani Antaktika kusini na Aktiki kaskazini mwa dunia, ni pesa, pasi ya kusafiria, na nani anamjua nani. Mwenye hoja tofauti aje nayo, matusi abaki nayo kwake.

#2 Ngosha_Igoma
Mkuu, mimi Makambako mwezi wa saba nilivaa soksi mikononi. Wenye barafu yao tuwaachie.

#3 Mla_Nyaraka
Mleta uzi umepatia nusu. Kisingizio hicho kilitumika kwanza kwa wanawake wao wenyewe kabla hakijatufikia sisi. Mwaka 1914 wasichana watatu wa Kiingereza walimwandikia mpelelezi Shackleton wakiomba kwenda naye Antaktika. Wakamwambia kama tatizo ni mavazi, wako tayari kuvaa ya kiume. Akawajibu kwa adabu kwamba hana nafasi kwa jinsia yao. Miaka mingi baadaye kuna mwombaji mwingine Uingereza aliambiwa kule hakuna maduka wala saluni. Mtu anaomba kupima miamba, anajibiwa habari za saluni!

Marekani nako jeshi la majini ndilo lililokuwa linaendesha usafiri wa kule, na lilikataa kubeba wanawake hadi 1969. Sababu iliyopigiwa debe ni vyoo. Novemba mwaka huo ndipo mwanamke wa kwanza akakanyaga Antaktika, kwenye timu ya Lois Jones, mwanajiokemia wa Ohio State.

#4 Bi_Mdadisi
#3 hapo mwisho umechanganya madesa. 1969 ni Ncha ya Kusini yenyewe, na walikuwa wanawake sita. Walishuka kwenye ndege wameshikana mikono ili asipatikane wa kwanza. Antaktika kwa ujumla aliyetangulia ni Caroline Mikkelsen, mke wa nahodha wa Kinorway, mwaka 1935. Halafu Jackie Ronne na Jennie Darlington wakakaa kule majira mazima ya baridi 1947 hadi 1948.

Sasa angalia wote watatu waliingiaje. Kwa waume zao. Aliyeingia kwa kazi yake ya sayansi ni Mrusi Maria Klenova, mwanajiolojia wa bahari, mwaka 1956. Na Waingereza waliendelea kuwazuia wanawake kukaa majira ya baridi kwenye vituo vyao hadi miaka ya 1990. Tisini, jamani, sisi wengine tulishaanza shule.

#5 Mla_Nyaraka
Haya mwalimu, tumekusikia. Ila vyoo vimebaki palepale.

#6 Mkale_Tromso
Niaje wadau. Niko kaskazini mwa Norway, kazi yangu ni kutunza mitambo ya kupimia hewa. Mleta uzi, kuhusu pasi nakuunga mkono mia kwa mia, tena nikupe mfano unaochekesha. Svalbard haina viza. Ndiyo, mkataba wa 1920 umeiacha wazi kwa raia wa nchi zilizosaini, na Norway haiwabagui wengine, kwa hiyo mtu wa taifa lolote anaweza kwenda kuishi na kufanya kazi mradi ajimudu. Lakini ndege zinapita Oslo au hapa Tromsø, na huku bara bila viza ya Schengen, ile ya pamoja ya nchi za Ulaya, hukanyagi. Tena lazima iwe ya kuingia mara mbili, kwa sababu ukienda Svalbard umetoka Schengen na kurudi unaingia upya. Nimeona mwanafunzi anapewa ya mara moja, safari ikafa hapo. Mwenzake Mjerumani wa darasa lile lile alichukua begi akapanda ndege.

Halafu dubu. Nje ya mji lazima uwe na kitu cha kuwatishia, na watu wa utafiti hubeba bunduki. Mgeni asiye na leseni kukodi bunduki anaomba kibali kwa gavana. Wenzetu wengi wa huku wamekua wakiwinda na baba zao. Wewe unagusa bunduki kwa mara ya kwanza mbele ya darasa zima, na ukitetemeka wanadhani ni woga wa dubu.

#7 Ngosha_Igoma
Bunduki tena! Huyo mpwa si amesema jiolojia? Mwambieni aende JKT kwanza.

#8 Bint_Shangani
Assalam alaikum. Mimi naomba kuuliza ya kwetu, na msinicheke. Jua lisipotua miezi miwili mtu anaswali vipi na kufunga vipi? Na hilo hema mnalala wangapi, wanaume na wanawake pamoja? Maana watu wanasema pesa, pesa, lakini kwa wazazi wengine hilo la hema ndilo la kwanza kabla pesa haijatajwa.

#9 Mkale_Tromso
Waalaikum salaam. Waislamu wa hapa Tromsø wapo wanaofuata ratiba ya Makka jua linapogoma kuzama au kuchomoza, na wapo wanaofuata mji wa karibu wenye usiku na mchana. Wanazuoni wamelizungumzia, si jambo jipya. Pakistan ilijenga kituo cha Jinnah Antaktika mwaka 1991, Malaysia na Uturuki nao wanatuma watafiti wao. Kwa hiyo dada, swala siyo kizuizi. Hema nawaachia waliolala humo.

#10 Hawa_Barafuni
Waliolala humo ni mimi. Nilifanya msimu Greenland nikiwa mwanafunzi wa shahada ya tatu, Mtanzania pekee na mwanamke pekee kambini. Bint Shangani umeuliza swali ambalo kwenye fomu za maandalizi halikuwepo hata kwa mzaha.

Nianze na suruali. Tulipewa zile za kuning'inia mabegani kwa mikanda, zimeshonwa kwa mwili wa mwanamume. Mwanamume akibanwa na haja ndogo anafungua zipu, dakika moja, kamaliza. Mimi navua koti la juu, navua koti la ndani, nashusha mikanda, nashusha suruali, huku upepo unavuma na mahali pa kujificha hakuna, kwa sababu barafu ni tambarare na kila mtu amefungwa kamba na mwenzake. Kinachofuata ndicho kinachoumiza: unaacha kunywa maji. Unakwenda kutwa nzima na kikombe kimoja. Jioni kichwa kinagonga, vidole vimekufa ganzi, maana mwili uliokauka hauhimili baridi, na kiongozi anaandika kwenye daftari lake kwamba wewe "unachoka haraka". Kumbe dawa ya hayo yote ni suruali yenye zipu inayozunguka mpaka nyuma na kifaa kidogo cha plastiki mithili ya faneli. Wanaume wana chupa zao za kukojolea ndani ya hema, hakuna anayeshangaa. Mimi kifaa changu nilikigundua kwa kuambiwa na mpishi wa kike tuliyekutana uwanja wa ndege.

Pedi hakuna pa kuzitupa, unazirudisha nazo. Antaktika ni hivyo hivyo, kwenye yale mabonde makavu ya McMurdo hata mkojo unabebwa kurudi. Sawa, sheria nzuri. Basi mtu apewe mifuko isiyopitisha macho na aambiwe mapema mbele ya wote, wanaume wakiwemo, ili isiwe siri ya mtu mmoja.

Nywele: nilisuka rasta nene, kofia ya usalama ikagoma kukaa. Nikafumua usiku kucha kwa mikono yenye baridi. Mwenye mpango wa kwenda asuke mistari midogo ya kulala.

Na hema: nililala na wanaume wawili. Walikuwa waungwana. Lakini hakuna aliyeniuliza.

#11 Bint_Shangani
Hiyo sentensi ya mwisho shoga. Ahsante.

#12 Mchumi_Kaunta
Nimesoma hadi hapa, nawapa pole, ila mnazunguka. Tatizo ni la kiserikali. Mkataba wa Antaktika ulisainiwa Desemba 1959 na nchi 12, Afrika ikiwa na mmoja tu, Afrika Kusini. Mpaka leo, kwa Afrika, ni huyo huyo mmoja. Tanzania haimo, Kenya haimo, Uganda haimo. Nchi isiyo na kituo, isiyo na meli, isiyo na bajeti, mwananchi wake ataingia kwa mlango gani zaidi ya kuazimwa nafasi? Hizi zipu na faneli ni mambo ya walioshaingia. Na tuseme ukweli, hospitali zetu zina upungufu wa dawa. Kwa nini tulipie barafu?

#13 Mla_Nyaraka
#12 hapo pa Afrika Kusini pana utamu umeupita. Afrika Kusini ya 1959 ni ya makaburu. Yaani kiti pekee cha bara zima kilikaliwa na serikali iliyomzuia Mwafrika hata benchi la bustani. Mwaka 1982 Mahathir wa Malaysia alisimama Umoja wa Mataifa akasema Antaktika ni mali ya wote, siyo klabu ya matajiri, na katikati ya miaka ya 1980 Baraza Kuu likaanza kupitisha maazimio ya kutaka utawala wa makaburu utolewe kwenye vikao vya ule mkataba. Nchi za Kiafrika zilikuwa mstari wa mbele. Wenye mkataba wakakausha.

Mwisho wake? Malaysia yenyewe ilijiunga mwaka 2011. Saudi Arabia imejiunga 2024. Sisi tulipiga kelele tukarudi nyumbani tukalala.

#14 Bi_Mdadisi
Na kuhusu "kwa nini tulipie": barafu ya Antaktika yote ikiyeyuka bahari inapanda kama mita 58, ya Greenland kama mita 7. Siyo kesho wala keshokutwa, sawa. Lakini hata sentimita chache Bint Shangani ataziona mlangoni kwake kabla ya mtu wa Bern, Uswisi. Mwenye nyumba ufukweni ana haki ya kuwepo bahari inapopimwa.

#15 Mchumi_Kaunta
Kupima atapima mwingine, namba atazisoma bure kwenye mtandao. Sijashawishika.

#16 Dk_Mapafu
Naingia kwa upande wa mwili, maana mleta uzi amefuta baridi kwa kalamu moja na haifutiki hivyo.

Tafiti za jeshi la Uingereza zimeonyesha askari wenye asili ya Afrika wanapata majeraha ya baridi, hasa mikononi na miguuni, zaidi ya wenzao weupe waliopo mazingira yale yale. Marekani nao waliliona vita vya Korea. Maabara wakizamisha mkono kwenye maji ya baridi, mishipa ya vidole inajifunga ili kuokoa joto, halafu baada ya muda inafunguka kidogo na kujifunga tena. Kwa wengi wetu kufunguka huko ni kwa taratibu zaidi. Hiyo ni fiziolojia, siyo ubaguzi.

Lakini angalieni kinachofanywa na taarifa hiyo. Kuna anayesema: basi wasiende. Kuna anayesema: basi wapewe glavu bora na wakaguliwe vidole mapema. Ni taarifa moja, inategemea imemwangukia nani mezani. Na mafunzo ya huduma ya kwanza yanafundisha utafute doa jeupe au wekundu usoni mwa mwenzako. Usoni mwa Hawa wekundu huo utauonea wapi? Kwetu inaanza na rangi ya majivu na ngozi inakakamaa. Mwenza asiyefundishwa atakutazama usoni na kukuambia uko poa.

Jingine: kile kifaa cha kubana kidole cha kupima oksijeni. Kwenye ngozi nyeusi kinaweza kusoma juu kuliko hali halisi. Kituo cha Ncha ya Kusini kiko mita 2,835 juu ya bahari, na hewa ya nchani ni nyepesi kiasi kwamba mwili unahisi uko juu zaidi ya hapo. Kifaa kikidanganya kule, kinadanganya mahali pabaya.

#17 Mzawa_wa_Rau
Dokta heshima yako. Ila wagumu wetu wanalala Kibo usiku wa nyuzi kumi chini ya sifuri mwaka mzima, mbona vidole wanavyo?

#18 Dk_Mapafu
Usiwatumie wagumu kama ushahidi, mkuu. Wengine wanapanda na viatu vya mitumba na koti moja. Wanaopona unawaona, waliorudi nyumbani na vidole vyeusi huwaoni kwenye msafara unaofuata. Na Vostok, kituo cha Warusi Antaktika, mwaka 1983 kipimo kilisoma nyuzi 89.2 chini ya sifuri. Kibo na kule ni mbingu na ardhi.

#19 Mukonzo_Kasese
Jambo wote kutoka Kasese. Mnajua yule mtawala wa Abruzzi, Mwitaliano Luigi Amedeo, aliyepanda Rwenzori 1906 akapewa sifa za vilele vyote? Miaka michache kabla yake, 1899 hadi 1900, alikuwa Aktiki na meli yake kutafuta Ncha ya Kaskazini. Baridi ikamla vidole, vikakatwa, safari ya mwisho ikaongozwa na msaidizi wake Cagni. Mtoto wa kifalme, mweupe pe, kazaliwa na makoti. Kisha akaja kwetu akabebewa mizigo na Bakonzo. Vilele vikapata majina ya malkia na ya rafiki zake. Babu zetu waliojua njia hata kijito hawakupewa.

#20 Mzawa_wa_Rau
Mukonzo umegusa kidonda. Mwaka 2000 timu ya Lonnie Thompson ilichimba barafu ya Kibo, mihimili sita, ikashushwa ikiwa imeganda mpaka Marekani. Ndipo dunia ilipoambiwa sehemu kubwa ya barafu iliyokuwepo 1912 imeshapotea. Kazi kubwa ile, siipingi. Lakini barafu haikushuka kwa miguu yake. Ilibebwa migongoni. Mimi ninaowapeleka siku hizi nawaambia mapema: kijana wangu anayesoma vijiti vya kupimia kila mwezi, jina lake liwe kwenye karatasi, siyo "wenyeji walisaidia".

#21 Bi_Mdadisi
Thompson ni wa Ohio State, chuo kile kile cha Lois Jones wa #3. Dunia ya barafu ni kijiji, ndiyo maana ya "nani anamjua nani" aliyoisema mleta uzi.

#22 Hawa_Barafuni
Na kijiji hicho kina wenyeji ambao uzi mzima hatujawataja. Tunajadili sisi tutaingiaje, wakati Aktiki ina watu wake. Peary, mpelelezi wa Kimarekani, aliposema amefika Ncha ya Kaskazini mwaka 1909 (bado inabishaniwa), alikuwa na Matthew Henson, Mmarekani mweusi, na Wainuit wanne: Ootah, Egingwah, Seegloo na Ooqueah. Henson ndiye aliyekijua Kiinuit na kuendesha mbwa. Peary akapata vyeo, Henson akaishia karani forodhani New York, na hadi 1988 ndipo akahamishiwa makaburi ya mashujaa ya Arlington.

Peary huyo huyo mwaka 1897 alisafirisha Wainuit sita kwenda New York kwa ajili ya jumba la makumbusho. Wanne wakafa kwa magonjwa haraka. Mtoto Minik alifanyiwa maziko ya uongo ya baba yake, kumbe mifupa imewekwa makumbusho. Ilirudishwa Qaanaaq, kwao Greenland, mwaka 1993. Kwa hiyo mzee wa Greenland akikutazama kwa jicho la pembeni unapofika na masanduku yako ya utafiti, jua ana sababu.

Mwaka 2018 Wainuit wa Kanada walitoa mkakati wao wa kitaifa wa utafiti: wenyeji wawe na sauti kuanzia swali linapotungwa mpaka takwimu zinapokaa. Nunavut, eneo la Wainuit huko Kanada, huwezi kufanya utafiti bila leseni ya kwao. Wenzangu wengine wananung'unika kuhusu makaratasi. Mimi nikikumbuka Kibo siwezi kunung'unika.

#23 Mukonzo_Kasese
Hapo sasa. Tunataka kuwa wageni wao au wapagazi wenzao?

#24 Mama_Miamba
Mmezungumza nguo, viza, vidole. Hakuna aliyetaja kitu kinachowaondoa wanawake wengi: bosi aliye mbali na kila mtu.

Nimefanya kazi kambi za utafutaji madini porini. Gari ni la kiongozi, simu ya setilaiti iko kwa kiongozi, ripoti yako inasainiwa na kiongozi. Kiongozi mmoja akaanza kugonga kwenye hema langu usiku. Nimlalamikie nani? Yeye mwenyewe? Nikawa nalala na kiboko cha kuulia nyoka pembeni. Nilipomaliza mkataba sikuongeza, na kwenye faili nadhani imeandikwa "hakuweza mazingira ya pori". Ikiwa porini kwenye barabara ni hivyo, mahali ambapo ndege haiji miezi minane ni vipi?

#25 Bi_Mdadisi
Mama Miamba pole, na asante kwa kulisema. Marekani walilipima. Taarifa ya 2022 kuhusu mpango wao wa Antaktika ilionyesha asilimia 59 ya wanawake walisema wamenyanyaswa au kushambuliwa kingono wakiwa kule, na asilimia 72 walisema ni tatizo. Mwaka uliofuata kituo chao cha McMurdo wakaacha kuuza pombe kwenye baa. Kama vile chupa ndiyo inayogonga hema.

Kuna pia kisa cha mwanajiolojia mashuhuri wa Boston aliyeshtakiwa na mwanafunzi wake wa zamani kwa aliyomtendea mabondeni Antaktika. Alisubiri kulalamika mpaka alipopata ajira ya kudumu, zaidi ya miaka kumi baadaye. Uchunguzi ukamtia hatiani, akafukuzwa, na mto wa barafu uliokuwa na jina lake ukaitwa Matataua tangu 2018. Na kwenye ule msafara mkubwa wa MOSAiC, Aktiki 2019 hadi 2020, kwenye meli ya Kirusi iliyowasindikiza, wanawake waliambiwa wasivae nguo za kubana. Sheria ilipotungwa ilimlenga anayetazamwa, anayetazama akaachwa.

#26 Ngosha_Igoma
Sasa si bora wapeleke timu ya wanawake watupu?

#27 Mla_Nyaraka
Walishafanya. Wajerumani, kituo cha Georg von Neumayer, 1990. Wanawake tisa, kiongozi daktari Monika Puskeppeleit, majira mazima ya baridi. Kituo hakikuzama.

#28 Mama_Miamba
Ngosha, ukiwatenga wanawake aliyegonga hema atabaki kiongozi wa timu ya pili. Mimi nataka namba ya kupiga isiyopitia kwake, na mtu wa pili mwenye simu. Mambo mawili, hayahitaji Umoja wa Mataifa.

#29 Setilaiti_Kasarani
Sasa mnipe dakika. Natumia kiti cha magurudumu, kazi yangu ni picha za setilaiti. ICESat-2 inapima kimo cha barafu kwa leza tangu 2018. Sentinel-1 inapenya mawingu na usiku wa nchani. Nyufa za barafu ya Antaktika nimezichora nikiwa Kasarani, na chai pembeni.

Lakini kwenye mikutano swali la kwanza ni "umewahi kwenda?" Ukisema hapana, macho yanahama. Kwenda kumekuwa jando lao. Ukiwa hujalala kwenye hema lenye barafu ndevuni, hata ukiwa na namba sahihi, wewe ni karani. Mchumi #15 alisema namba anazisoma yeyote. Ndiyo, anazisoma, ila heshima na fedha za mradi zinamfuata aliyepiga picha na penguini. Na wasiniambie mwili wangu hauwezi: Karen Darke, aliyepooza kuanzia kifuani, alivuka barafu ya Greenland mwaka 2006 kwa ski ya kukalia. Mimi binafsi sina haja ya kuvuka. Nataka kazi yangu ihesabiwe kuwa kazi.

#30 Mchumi_Kaunta
Huyu sasa ndiye ameongea lugha yangu. Setilaiti ni nafuu kuliko meli. Tuwekeze hapo, barafu tuwaachie wenye vidole vya chuma.

#31 Hawa_Barafuni
Mchumi, setilaiti inasema barafu imeshuka nusu mita. Kama ni theluji imeshindiliwa au barafu imeyeyuka, mtu lazima achimbe shimo apime. Na kwenye shimo ndiko maswali mapya yanakotoka. Ukikubali watu weusi wabaki ofisini na wengine waende shimoni umegawa kazi upya, hujaifungua.

#32 Setilaiti_Kasarani
Hawa, nakubali shimo. Sikubali shimo liwe cheo.

#33 Ngosha_Igoma
Mnakumbuka Philip Boit? Mkenya wa mbio, akaingizwa kwenye ski, Nagano 1998. Kamaliza wa mwisho, nambari 92, na bingwa Bjørn Dæhlie akagoma kupokea medali mpaka Boit afike. Mtoto wa Boit anaitwa Dæhlie hadi leo. Huyo ndiye Mwafrika wangu wa barafu.

#34 Mkale_Tromso
Haha, hapa Norway nikisema natoka Kenya wazee bado wananitajia Boit. Ila hapo ndipo penye mtego, Ngosha. Wanampenda anayekuja wa mwisho akitabasamu. Mzee James Kagambi, Mkenya mwenzangu, alifika kilele cha Everest 2022 akiwa na miaka 62, na hakuna anayenitajia.

#35 Dk_Mapafu
Kagambi pia ni jibu kwa wanaonukuu #16 vibaya huko WhatsApp. Nimeona tayari. Hatari kubwa zaidi haimaanishi haiwezekani. Amekaa kwenye baridi miaka mingi kwa mafunzo na vifaa sahihi.

#36 Mzawa_wa_Rau
Wakuu, mpwa amesoma uzi wote, anawasalimu. Ameshangaa zaidi habari ya viza ya mara mbili. Anauliza, aanzie Svalbard au Cape Town? Na makoti, soko la Memorial hapa Moshi mitumba ya manyoya ya bata ipo tele, tena mizuri.

#37 Mchumi_Kaunta
Cape Town. Mtanzania anaingia siku 90 bila viza, na meli ya SA Agulhas II inatokea hapo kwenda SANAE, kituo cha Afrika Kusini huko Antaktika. Ndiyo iliyokwenda na waliopata Endurance, meli ya Shackleton iliyozama, 2022, mita 3,008 chini ya maji. Ajisajili na chuo cha kule.

#38 Mkale_Tromso
Naona wewe uliyesema tusilipie barafu umeshampangia safari. Mimi nasema Svalbard, kozi ni fupi na anarudi. Meli ya Cape Town nafasi zinakwenda kwa raia wao kwanza.

#39 Mama_Miamba
Popote aendako, kabla hajasaini amuulize kiongozi maswali mawili: simu ya setilaiti iko kwa nani, na nikiwa na malalamiko dhidi yako nampigia nani. Akikasirika, jibu amelipata.

#40 Hawa_Barafuni
Koti la Memorial achukue. Viatu asichukue vya mitumba. Achukue vikubwa kwa namba moja na nusu, soksi mbili ziingie na vidole vicheze ndani. Na kabla ya kulipa avivae dukani na soksi zote akae navyo nusu saa, muuzaji akinuna amwache anune.

#41 Bint_Shangani
Na suruali ya zipu ya nyuma inapatikana wapi? Au tumpe fundi wa Darajani aishone?

#42 Hawa_Barafuni
Fundi anaweza. Zipu iwe ya meno ya plastiki, ya chuma inaganda.